Majibwa Hayavunji Mlango

Jumatatu, 15 Julai

Belo la mitumba la leo sweta za watoto. Nilipokata tu kamba wateja wakarukia, kila mtu mkono ndani kama wanachimba kisima. Za juu zimeisha mapema. Zilizobaki vifungo pungufu. Nitashona mwenyewe.

Binti yangu Somoe kaondoka mezani sokoni mapema tena. Leo kichwa. Ijumaa ilikuwa tumbo. Sauti imemkauka kama mtu aliyeshinda msibani. Nikamuuliza una nini, akasema hamna kitu mama. Hamna kitu ndiyo kitu chenyewe. Ana miaka kumi na tisa, mimi ndiye ninayejua dunia inawafanya nini wa umri huo.

Nimefika nyumbani baada ya Magharibi. Mama Pendo wa chumba cha mbele ananisubiri koridoni na mwiko mkononi. "Jirani, mbwa kalia humu ndani." Mbwa gani? Nyumba hii ya Bi Nuru, tangu enzi za babu yake, haijawahi kufuga mbwa. Wametafuta uani, chooni, mpaka juu ya bati. Hamna. Anasema mlio mrefu, unapanda, halafu unakatika kama kamba.

Kibaya, Mzee Kitwana kausikia. Huyo ndiye mume wa Bi Nuru. Yuko kitandani tangu mfungo, miguu imejaa maji, pumzi fupi. Mbwa akilia kwenye nyumba yenye mgonjwa kila mtu anajua maana yake. Kwa hiyo hakuna aliyeisema. Tukala kila mtu mlangoni kwake.

Nesi wa kliniki ya presha aliniambia kinachokunyima usingizi kiandike, usikimeze. Haya, nimeandika. Usingizi bado.

Jumanne, 16 Julai

Nimeusikia. Masikio yangu haya.

Nilikuwa nakata kona kuingia mtaani, mzigo kichwani. Ukaanza chini kama mtoto mchanga anayetafuta ziwa. Ukapanda. Ukazidi kupanda. Niliuhisi kwenye meno. Tangu wajenge ghorofa nyuma yetu sauti hazina kwao, zinagonga ukuta ule na kurudi, huwezi kusema imetoka kushoto au kulia. Niliutua mzigo chini barabarani. Muuza ndizi akacheka, akasema, "Mama, huyo mbwa ana shida nzito."

Kwetu Nachingwea fisi walikuwa wanalia. Tulikua nao. Fisi anacheka na ana njaa, basi, unajua anachotaka. Huyu sikujua anataka nini.

Ndani nimekuta Bi Nuru kakaa juu ya kinu, kanga imemporomoka begani, yeye ambaye sijawahi kumwona kanga imekaa vibaya. Mzee kakataa uji. Kamwambia, "Acha kupoteza unga, Nuru. Nimeshaitwa." Baba yake naye alililiwa na mbwa kabla ya kufa, na babu yake pia, ndivyo wanavyosimulia. Bi Nuru kawapigia simu watoto, wa Tanga na wa Bagamoyo. Waje.

Somoe alikuwa chumbani wakati huo wote. Nimemkuta kajifunika, anatoka jasho. Nikamwuliza umesikia? Akasema kasikia. Hakuniangalia.

Jumatano, 17 Julai

Mzee hajala. Maji tu, kwa kijiko.

Nimemchemshia Somoe tangawizi na asali. Kanywa vikombe viwili. Alipolala nimemwekea mkono tumboni. Tumbo bapa. Alhamdulillah. Lakini basi ni nini?

Jioni mlio haukusikika. Ndiyo ikawa mbaya zaidi. Nyumba nzima ilikaa inausubiri.

Alhamisi, 18 Julai

Acha niandike.

Mchana mawingu yalifunga, nikarudi nyumbani kuchukua turubai la kufunika meza. Nyumba tupu, wenyewe wote wako uani, na mlango wa Mzee umefungwa. Nafika kwenye chumba chetu, nasikia kitu kinakoroma ndani. Kinakoroma kama kinatafuna. Nilisoma Ayatul Kursi mpaka katikati, nikasahau, nikaanza upya. Nikasukuma mlango.

Mwanangu yuko chini, magoti sakafuni, kichwa kaingiza ndani ya kiroba cha sweta zangu. Mgongo unapanda na kushuka. Kisha akakitoa kichwa, nywele zimejaa manyoya ya sufi, macho mekundu kwa joto, akainua shingo juu, akalia.

Ule ule.

Nilikaa chini pale mlangoni. Yeye alipiga kelele kuliko mimi. Nikamwambia kwa jina la Mungu wewe nani? Akasema, "Mama, ni mimi, narekodi!"

Ndani ya kiroba kulikuwa na simu.

Haya ndiyo aliyonieleza, nayaandika nilivyoyaelewa. Kuna simulizi za kusikiliza kwenye simu, watu wanasikiliza wakiwa kazini. Kuna kijana anaitwa Beka, ana chumba cha kurekodia Ilala. Alitangaza anatafuta simulizi mpya ya kutisha, na msimulizi azifanye sauti zote mwenyewe. Sauti za wanyama za kwenye kompyuta hazitaki, kila mtu anazo. Somoe ameitunga yake. Inaitwa Majibwa ya Sarafi. Anasoma kichwa kikiwa kwenye sweta ili kelele za mtaani zisiingie. Ila kulia hawezi akiwa humo, anakosa pumzi, kwa hiyo anatoa kichwa. Na ukuta wetu haufiki kwenye bati. Hakuna dari. Sauti inapanda, inatoka, inagonga ghorofa, inamrudia Mzee kitandani.

Nikamuuliza, hukuwasikia watu wakisema mbwa? Akainamisha uso. "Niliwasikia. Nikafurahi. Nikajua nimepatia." Alidhani wanasema mbwa wa mtaani tu. Kwamba Mzee kaacha kula hakujua, anatoka asubuhi na mimi na akirudi anajifungia.

Nilipomwambia alilia. Kilio cha mtu.

Sikumpiga. Nilitaka, nikamtoa manyoya kwenye nywele badala yake.

Ijumaa, 19 Julai

Wageni wamefika. Wa Tanga kaja na mkewe, wa Bagamoyo kaja na kapu la samaki wa kukaanga. Baada ya sala ya Ijumaa pamefanywa kisomo. Koridoni mikeka, viatu mpaka barazani. Mimi na Mama Pendo tumepika. Mama Pendo ni Mngoni na Mkristo, lakini kwa pilau la msiba Bi Nuru hamwamini mwingine. Msiba, nimeandika. Mtu mwenyewe yu hai, anasikia sahani zikigongana.

Nimekata vitunguu nikilia, hakuna aliyeuliza.

Sikusema. Chumba hiki tuko tangu marehemu baba yake Somoe. Hapa ndipo alipotolewa jeneza lake, koridoni hapa hapa, na Mzee Kitwana ndiye aliyeshika pembe ya mbele akiwa bado na nguvu za kuli wa bandari. Bi Nuru akijua kwamba amewatoa watoto wake Tanga na Bagamoyo kwa sababu ya binti yangu na kiroba cha sweta, nitamwambia nini? Nitaenda wapi? Kariakoo yote nyumba zinavunjwa, zinajengwa fremu za maduka. Vyumba vya uswahilini kama hivi vinaisha.

Somoe ananiambia tuseme mama. Namwambia subiri.

Kaniambia simulizi yake ili tusinyamaze. Majibwa yana miguu ya nyuma kama ya binadamu. Yanatembea wima yakiwa peke yake, kwa miguu minne yakionekana. Mkubwa wao anaitwa Zoruma. Mji wa Sarafi una ukuta na milango ya chuma, hakuna jino linaloweza kuupita. Nikamwuliza basi yanaingiaje? Akasema, "Hayavunji mlango, mama. Yanakaa nje yanalia. Anayesikia jina lake kwenye kile kilio, anaamka, anakwenda kuyafungulia mwenyewe."

Nikamwambia inatosha, lala.

Anayatoa wapi haya? Nilimlea kwa uji na mikate ya kumimina.

Jumamosi, 20 Julai

Nimesema.

Sikwenda sokoni. Niliamka, nikaoga, nikavaa kama ninayekwenda kumposea mtu. Bi Nuru alikuwa mkekani pembeni ya kitanda, anampepea. Nikapiga hodi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kusema mbwa ni wangu."

Upepeo ukasimama. Mzee kafungua jicho moja. "Una mbwa, Mama Somoe?"

"Nina binti."

Nikaeleza. Nilivyoanza sikuweza kusimama, nikasema mpaka ya kiroba na sweta zenye vifungo pungufu. Bi Nuru alikuwa ananiangalia kama naongea Kichina. Nilipomaliza, Mzee akasema, "Mlete."

Somoe kaja, ushungi umefika kwenye nyusi. Mzee akamwambia lia. Alilia kidogo tu, kama paka aliyekanyagwa.

Mzee akatikisa kichwa. "Siye. Yule aliyenijia alikuwa mkubwa."

Nikamwambia mwanangu, usimdanganye, fanya kama unavyofanya. Kavua ushungi. Kavuta pumzi. Akalia. Ndani ya chumba kile kidogo, mbele ya macho yangu, najua ni yeye, namwona koo linavyocheza, na bado nywele zilinisimama. Bi Nuru alidondosha upepeo. Mama Pendo akaja mbio kutoka uani na mwiko wake: "Jamani kaja tena! Safari hii yumo ndani!"

Mzee akaanza kutikisika. Nilidhani ndiyo kukata roho. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Bi Nuru akamkalisha, na akiwa amekaa, machozi yanamtoka, akasema, "Nuru. Kuna uji?"

"Upo."

"Utie sukari."

Jumapili, 21 Julai

Mzee akisamehe, haina maana Bi Nuru kasamehe.

Asubuhi kanisimamisha uani mbele ya wanawe na mkwewe. Kila neno nililistahili. Kanihesabia siku zote hizo analala akiwa ameketi. Kanitajia kisomo. Kanitajia mkwe wake aliyeacha kichanga kwa dada yake. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika ghorofani: "Mimi nasema nyumba yangu ya Kiislamu haina mbwa, kumbe mbwa analipa kodi!"

Mwanawe wa Bagamoyo alishindwa kujizuia, akacheka. Bi Nuru ndiyo akawaka zaidi. Mwisho wa mwezi tuhame.

Nilisema sawa Bi Nuru.

Nilianza kukunja nguo. Somoe akaifuta simulizi kwenye simu, nikamwona. Ananitazama anafuta. Nikamnyang'anya simu. Sijui kwa nini. Mimi ndiye niliyeogopa kuliko wote, ningefurahi ifutwe. Lakini nilikumbuka nikiwa darasa la nne, mwalimu kaniambia wewe Hadija unasoma vizuri, mwakani utasoma mbele ya wazazi. Mwakani sikuwepo, nilikuwa shambani. Hicho ndicho kilichonijia. Nikamwambia irudishe. Kumbe ikifutwa inakaa mahali, inarudishwa.

Jioni Mzee kaniita. Bi Nuru yupo, mgongo katugeuzia. Mzee akasema hakuna anayehama mpaka aujue mwisho wa hayo majibwa. Bi Nuru akasema, "Wewe ulikuwa unakufa juzi." Mzee akajibu, "Bado nakufa. Ndiyo maana nina haraka."

Bi Nuru hakugeuka. Ila hakusema hapana.

Jumatatu, 22 Julai

Sokoni. Nimeshona vifungo siku nzima na kuwaza.

Mzee alilala siku nne bila chakula. Nani alimzuia? Uji ulikuwepo, kijiko kilikuwepo, mke alikuwepo. Hakuna jino lililomgusa. Alisikia jina lake akaenda kufungua mlango. Na sisi wote humo ndani tulimshikia komeo. Tulitandika mikeka, tukapika pilau.

Na mimi nilijua tangu Alhamisi nikakata vitunguu.

Huyu Zoruma wa Somoe sasa namwelewa. Mwanzo nilidhani ni upuuzi wa watoto, jibwa lenye miguu ya mtu. Tena kwetu mbwa mwitu wapo, hawana habari na watu. Lakini alichokitunga si mbwa. Kachukua woga kauvisha manyoya.

Wageni wameondoka leo. Wa Tanga kanishika mkono, kasema ahsante Mama Somoe, nisingekuja kumwona baba hadi iwe kumzika. Nilikosa pa kuangalia.

Jumatano, 24 Julai

Narekodi na mimi, nusu. Yaani nimeshika kiroba.

Tumehamia chumbani kwa Mzee, kina pazia zito na godoro la pili tumelisimamisha dirishani. Mama Pendo kazima redio kwa hiari, haijawahi kutokea. Somoe anasoma, Mzee kafumba macho anasikiliza. Akaja kwenye Zoruma. Analifanya jibwa linabweka, linatisha, linaunguruma. Mzee kainua kidole.

"Jibwa lako lina haraka."

Somoe akamwuliza kivipi babu.

"Bandarini nimefanya kazi na watu wabaya. Mbaya wa kweli hapigi kelele. Anakuuliza umekula? Watoto hawajambo? Mfanye akae chini kwanza. Amsalimie mtu kwa jina."

Somoe karudia. Zoruma kakaa nje ya lango, kauliza kwa upole: hamjambo humo ndani? Mbona mmejifungia? Nilitamani kutoka chumbani.

Tukiwa katikati Bi Nuru kapita koridoni na ndoo, akasema peke yake kwa sauti, "Huyu mbwa leo kachelewa, watu tunataka kuswali." Mzee akanikonyeza. Nilijua basi, hatuhami.

Presha leo imeshuka. Nesi kasema endelea hivyo hivyo. Sikumwambia hivyo hivyo ni nini.

Ijumaa, 2 Agosti

Beka kaichukua. Sehemu za mwanzo zimetoka.

Leo mpiga pasi wa pembeni yangu hapa sokoni Mchikichini alikuwa anasikiliza kwenye simu yake, kaiweka juu ya rundo la suruali. Nikasikia sauti ya mwanangu inasema hamjambo humo ndani. Halafu kile kilio. Mteja aliyekuwa anachagua sweta akaruka, akaangalia chini ya meza. Mpiga pasi akamcheka, "Vipi bro, umeitwa?"

Sikusema ni wangu. Nilikunja sweta moja mara nyingi sana.

Jumapili, 11 Agosti

Miguu ya Mzee imejaa tena, mpaka mapajani. Anakula lakini kidogo. Tunajua sote na yeye anajua. Safari hii hakuna anayenong'ona. Bi Nuru anamkanda na mafuta, wanabishana kuhusu nani alimwambia nani nini walipokuwa wachumba.

Leo kamuomba Somoe mwisho wa simulizi. Beka bado hajapelekewa, Somoe mwenyewe anasema hajaumaliza vizuri. Mzee kasema nipe hivyo hivyo ulivyo. Akatufukuza sote. Nimekaa koridoni na Bi Nuru, mlango umerudishwa, tunasikia mnong'ono tu. Baadaye Mzee kasema kwa sauti, "Aa. Kumbe." Basi.

Somoe katoka akaenda moja kwa moja chumbani kwetu. Sikumuuliza.

Jumanne, 13 Agosti

Mzee Kitwana katangulia leo, baada ya alfajiri. Bi Nuru alikuwa amemshika mkono. Alikuwa amemaliza uji wa jana.

Nilikuwa macho usiku wote, si kwa wasiwasi, usingizi tu haukuja. Nilisikia lori linashusha mzigo mtaa wa pili. Nilisikia adhana. Mbwa hakulia.

Tumezika makaburini Kisutu baada ya adhuhuri. Wanaume wamerudi. Mikeka ile ile koridoni. Mama Pendo yuko jikoni, safari hii sikukata vitunguu, Bi Nuru kaniambia njoo ukae hapa, akapapasa mkeka pembeni yake. Nimekaa. Kaegemeza bega lake kwangu, zito, la moto.

Somoe yuko mlangoni kwetu. Beka kampigia mara mbili anautaka mwisho. Kazima simu. Kasema baada ya arobaini.

Kanga ya Bi Nuru iliporomoka begani. Nimemrekebishia.